Pedi mbili, upande mmoja: mwongozo wa kucheza gemu na rafiki sebuleni bila kugombana

Hapa Nairobi, mpe mtu pedi ya pili na swali lake ni moja: "Unachukua timu gani?" Ndivyo tulivyolelewa. Kwenye vibanda vya gemu tulikokulia, pedi mbili maana yake ni mpira, na mpira maana yake ni mshinde ainuke, anayefuata aketi. Hata nyumbani, rafiki akija Jumamosi mnacheza mechi nne, mmoja anapigwa tano bila, na ghafla anakumbuka aliahidi kumpitia shangazi yake Umoja. (Naam, pedi, kile kidude cha vitufe unachokishika kwa mikono miwili kuchezea gemu. Mtaani hakuna anayekiita kifaa hicho jina lingine, na utani wake tuliumaliza shule ya msingi.)

Mwongozo huu ni wa gemu za aina nyingine, zile ambazo nyinyi wawili mko upande mmoja na mashine iko upande wa pili. Nimezicheza miaka kadhaa na binamu yangu, na jirani wa mlango wa tatu, na dada yangu ambaye kabla ya hapo hakuwahi kushika pedi. Nilichokiona ni kwamba jioni ya namna hii haiharibiwi na mashine ya zamani wala TV ndogo. Anayeiharibu ni yule anayejua zaidi. Karibu kila ushauri ulio hapa chini ni wa kumtuliza mtu huyo, na kwa kuwa wewe ndiye unayesoma mwongozo, huenda mtu huyo ni wewe.

Anza na diski uliyo nayo

Usinunue chochote bado. Kama una FIFA au EA Sports FC, hata ya miaka mingi iliyopita, tayari una gemu ya kushirikiana. Nenda hadi ile skrini ya kuchagua upande, pale alama za pedi zinapokaa katikati zikingoja. Sogeza zote mbili upande mmoja. Basi. Sasa nyote ni Arsenal na kompyuta ndiye mgeni wenu. Pandisha ugumu ngazi moja juu ya ule uliouzoea ukiwa peke yako.

Chezeni mechi tatu. Matokeo yaache, mtazame mwenzako. Anaita mpira? Anatoa pasi, ama anakimbia nao hadi kona kana kwamba yuko peke yake uwanjani? Mkifungwa bao la kijinga anacheka, ama anauliza ni nani alimwacha yule mtu? Mechi tatu zinatosha kukuambia kama mtafika mbali na gemu inayochukua saa kumi na mbili kuimaliza, na hazijakugharimu hata shilingi.

Wa rika langu watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Zile mashine za kaseti za manjano zilikuwa na Contra, na Contra ilinoga kwa watu wawili. Ulibonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Select ili muwe wawili, ndipo Start, na kila mmoja akapata maisha 30. Iliyovunja urafiki ni ile hatua ya maporomoko ya maji. Mmoja akipanda kwa pupa, skrini inapanda naye, na aliyeachwa chini anakufa bila kuguswa na risasi hata moja. Kaka yangu mkubwa alinifanyia hivyo kwa likizo nzima. Aliapa hajui kwa nini nakufa.

Pedi ya pili, na namna ya kutouziwa mbovu

Mashine yoyote inafaa mradi gemu unazozitaka zipo. PlayStation 4 (PS4) ya mkono wa pili ndiyo njia ya wengi, kwa kuwa diski zake zimejaa mjini na zinabadilishana mikono kwa urahisi. Ukiwa na PS5 yenye sehemu ya diski, inacheza diski za PS4 pia, lakini kuna mtego hapo: pedi ya PS4 hufanya kazi kwenye PS5 kwa gemu za PS4 tu. Ukiweka gemu ya PS5 yenyewe, rafiki aliyebeba pedi yake ya zamani kutoka Kasarani atakaa akikutazama. Nintendo Switch ya kawaida ina raha yake, maana vile vipande viwili vya pembeni hung'oka na kila kimoja kikawa pedi kamili kwa gemu nyingi, ingawa si zote. Ile Switch Lite haing'oki kitu. Kompyuta ya mapajani nayo ukiichomeka kwenye TV kwa waya wa HDMI ni mashine tosha.

Pedi ya pili watu wengi huinunua mjini, Luthuli au Moi Avenue, kwenye vile vibanda vya ndani kwa ndani ambako muuzaji ana mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwenye kalkuleta. Sina neno nao. Lakini mwaka juzi nilirudi nyumbani na pedi iliyong'aa kama mpya, na mhusika wangu akawa anatembea kushoto polepole, mwenyewe, kama mlevi anayetafuta ukuta. Stiki, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, ilikuwa imechoka. Mwenye duka akaniambia bidhaa ikishauzwa hairudi.

Kwa hivyo ijaribu hapo hapo, ikiwa imeunganishwa kwenye mashine yao. Fungua gemu yoyote yenye mtu anayetembea. Sukuma kila stiki hadi mwisho, iachilie, uhesabu hadi kumi bila kugusa kitu. Mhusika akisogea au kamera ikizunguka, irudishe. Bonyeza kila kitufe, pamoja na stiki zenyewe, kwa kuwa nazo hubonyezwa, na hicho ndicho kitufe ambacho wanunuzi husahau. Mwisho chomeka waya wa chaji na uuchezeshe kidogo. Taa ikizimika na kuwaka kila unapouchezesha, tundu limelegea.

Kuiunganisha nyumbani huchukua dakika moja ukiwa na waya sahihi. Pedi ya PS4 hutumia waya wa maikro-USB, ule wa simu za zamani, na hapa ndipo watu hukwama: nyaya nyingi za bei rahisi zinapitisha chaji pekee, hazipitishi data. Pedi itachaji vizuri na bado mashine isiitambue. Tumia waya unaoweza kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Chomeka, bonyeza kitufe cha PS cha katikati, chagua mtumiaji (mgeni asiye na akaunti anaweza kuingia kama mgeni), halafu chomoa. Taa ya bluu ni mchezaji wa kwanza, nyekundu wa pili. Ikigoma kabisa, tafuta tundu dogo mgongoni karibu na kitufe cha L2, lidunge kwa pini kwa sekunde chache, uanze upya.

Kuhusu stima, hofu imezidi ukweli. PS4 Slim pamoja na TV ya inchi 32 vinakula takriban wati 140, yaani yuniti moja ya tokeni inawapeleka kwa muda wa karibu saa saba. Friji na pasi ndizo zinazokumalizia. Kinachouma ni stima kupotea katikati, maana gemu nyingi hujihifadhi zenyewe na zikikatwa wakati huo huo kazi inaweza kuharibika. Ile alama ndogo inayozunguka pembeni mwa skrini ikionekana, msizime kitu hadi iondoke, na kama mtaa wenu stima huruka-ruka, weka kifaa cha kulinda TV kabla ya kuweka kitu kingine chochote.

Kuchagua gemu: pima kwa aliye mdogo

Chagua kwa kuangalia yule anayejua kidogo, kama vile unavyopika kwa kuangalia asiyekula pilipili. Gemu inayokupendeza wewe mwenye miaka kumi ya mazoezi itamfanya mwenzako ajione mzigo ndani ya robo saa, na hatasema. Atasema amechoka.

Kwanza hakikisha ni gemu ya chumba kimoja. Wengi wamenunua diski iliyoandikwa wachezaji wawili kumbe ni wawili wa mtandaoni, kila mtu kwake na mashine yake. Geuza kasha la PS4 usome nyuma: idadi ya wachezaji huwa na mstari wake, na wachezaji wa mtandaoni mstari wao. Unautaka ule wa kwanza usome 1-2 au zaidi.

Kama mwenzako hajawahi kushika pedi, gemu za Lego ndizo mlango. Mchezaji wa pili anaingia na kutoka wakati wowote, ukifa unapoteza vipande vya kukusanya na kurudi pale pale, na mkitengana skrini inajigawa yenyewe. Watu wazima huziona za watoto. Waache waone. Nyingine ni Unravel Two ya mwaka 2018, ambamo nyinyi ni vijitu viwili vya uzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi mmoja. Mmoja akishindwa kuvuka, mwenzake anamvuta, na penye ugumu sana vinaweza kuungana kuwa kimoja ili mwenye ujuzi awavushe wote wawili. Dada yangu alianzia hapo. Aliziogopa stiki mbili (moja ya kutembea, moja ya kamera, na bongo moja), na gemu hii haimtaki ahangaike na kamera.

Kwa watu wawili wanaojiweza, It Takes Two ndiyo ningeweka mbele ya zote. Iliundwa na studio ya Hazelight ya Uswidi, ikatoka 2021, na mwaka huo huo ikatwaa tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Haichezwi na mtu mmoja kabisa. Bila wa pili haianzi. Mume na mke wanaotaka kuachana wanageuka vikaragosi na kulazimika kusaidiana hadi mwisho. Uzuri wake ni kwamba hamna kazi sawa. Sehemu moja mume anarusha misumari na mke ana kichwa cha nyundo: wewe unapigilia msumari ukutani, mimi naning'inia hapo na kuruka, halafu unauita urudi. Hakuna anayeweza kumfanyia mwenzake. Ina zaidi ya gigabaiti 40, kwa hivyo kama unaishi kwa bando tafuta diski. Mkiwa chumba kimoja, nakala moja inawatosha wote. Angalizo dogo: kuna kisa cha tembo wa kuchezea ambacho kilimfanya jirani yangu, mtu mzima mwenye watoto, aweke pedi chini na kwenda kusimama kwenye balkoni.

Hazelight hao hao walitoa Split Fiction mwaka 2025, nayo ni nzuri, lakini haipo kwenye PS4. Muuzaji akikuahidi diski yake ya PS4, ondoka.

Cuphead iache kwanza. Ni nzuri kutazama na ni ngumu kama kupata kiti matatu ya saa kumi na mbili jioni. Itawafaa mkishazoeana.

Na kama pedi ni moja? Overcooked inaruhusu watu wawili wagawane pedi moja, kila mtu nusu yake, bega kwa bega. Inachosha mikono lakini inachekesha. Bora zaidi ni Keep Talking and Nobody Explodes, ya mwaka 2015, ambayo sasa ipo hadi kwenye simu. Mmoja anaona bomu kwenye skrini. Mwingine hatakiwi kuiona skrini. Ana kijitabu cha kurasa 23 kinachoeleza namna ya kulitegua, na kijitabu hicho hupakuliwa bure. Kichape saiba, kishikilie kwa pini, na jioni yenu imekamilika. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nyinyi mnaongea Kiswahili, saa inakimbia, na tafsiri ndiyo inayowaua. Mfano mmoja wa kweli kutoka sebuleni kwangu:

"Nyaya ngapi?"

"Tatu. Wa juu wa bluu, wa kati mweupe, wa chini wa bluu."

"Kuna mwekundu?"

"Hakuna."

"Kata wa pili."

"Wa pili kutoka juu ama chini?"

"Kuna nyaya tatu, bwana! Wa pili ni wa pili tu!"

Tulipoteza sekunde nane kwa kicheko. Kanuni yenyewe ni hiyo hiyo: nyaya zikiwa tatu na hakuna mwekundu, unakata wa pili. Zikiwa nne, kanuni ni nyingine.

Chumba

Hapa sina mengi. Kwenye TV ya inchi 32, skrini ikigawanywa katikati kila mmoja anabaki na upana wa sentimita 35 hivi. Sogezeni viti hadi mita moja na nusu, hata kama ni kuketi sakafuni na kuegemea kitanda. Mwenye nusu ya kushoto aketi kushoto. Ni jambo dogo mno, na ukikosea mtatazama nusu isiyo yenu usiku kucha mkijiuliza kwa nini hamsogei.

Ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe hali ya gemu kama ipo; picha hupoteza urembo kidogo lakini kitufe kinaitikia haraka. Kingo za picha zikikatwa, tafuta pale pa ukubwa wa picha uchague inayoonyesha yote. Washa maandishi ya chini pia, kwa sababu mtakuwa mkiongea huku wahusika nao wakiongea.

Chakula kisiwe na mafuta. Mutura na pedi haviendi pamoja, viazi karai ndiyo kabisa. Njugu, mahindi ya kuchoma, mkate na chai. Weka kitambaa kibichi karibu, na chai iwe mezani, si sakafuni kati ya miguu, ambako waya wa pedi utaipata.

Maneno

Sasa tufike kwenye kiini, maana hapa ndipo watu wawili wanaopendana hufokeana.

Kiswahili kina hazina ya kuonyesha vitu: hapa, hapo, pale, hiki, hicho, kile. Mezani, vidole vinasaidia. Kwenye gemu mikono yote imeshika pedi, na "pale" ya kwenye skrini haina mahali. Sikiliza watu wawili wanaocheza mara ya kwanza: "Enda pale. Si hapo, pale! Chukua hiyo kitu. Hiyo ingine!" Dakika ya tano mmoja ameshapandisha sauti, na hakuna aliyekosea.

Kabla ya kuanza kila hatua mpya, tumieni nusu dakika kuvipa vitu majina. Si lazima yawe majina ya gemu. Mlango mkubwa ni geti. Kile kidude kinachozunguka ni mwiko. Adui mnene ni askari wa kanjo, na yule mdogo anayewafuata bila kuchoka ni makanga. Mimi na binamu yangu tuna msamiati wa miaka mitatu ambao hakuna mtu mwingine duniani anauelewa. Jina likishapatikana, "pale" inakufa yenyewe: "Makanga anakuja nyuma yako, ingia getini."

Kushoto na kulia nako kunahitaji mapatano. Kushoto kwa skrini, au kushoto kwa mhusika anayetazama kwetu? Sisi tunatumia kushoto kwa skrini siku zote, na kwenye gemu za skrini iliyogawanyika tunaongeza "kwangu" na "kwako". "Kuna swichi kwako, juu kulia." Sentensi fupi, mtu hahitaji kugeuza macho.

Tena kuna kuhesabu. Gemu hizi hupenda kuwataka mbonyeze kwa pamoja, na mtasema moja, mbili, tatu. Je, mnabonyeza kwenye tatu au baada ya tatu? Nusu ya Nairobi hubonyeza kwenye tatu, nusu nyingine hungoja "haya". Nimeona mtu akianguka shimoni mara sita kwa ajili ya neno "haya". Amueni mapema. Sisi ni "moja, mbili, haya", na tatu tumeifuta.

Na tangazeni kabla ya kutenda. "Naruka" iseme ukiwa bado chini. "Nimeruka" haimsaidii mtu.

Kugawana kazi: jiko la Overcooked

Nitaeleza gemu moja kwa karibu, kwa sababu ukiiweza hii nyingine zinafuata. Overcooked, ya 2016, ni jikoni kwenye wazimu. Oda zinaingia juu ya skrini. Supu ya kitunguu ni vitunguu vitatu: chukua kwenye kreti, katakata ubaoni, tia sufuriani, ngoja iive, pakua kwenye sahani, peleka dirishani. Sahani zinarudi chafu, zinataka kuoshwa. Sufuria ikisahauliwa inaungua, jiko linashika moto, na mmoja anakimbia kutafuta kizima moto huku mwingine akiendelea kukata kitunguu kama hajaona kitu.

Raundi ya kwanza kila mtu atafanya kila kazi, na mtagongana njiani kama watu wawili kwenye kibanda cha chipsi. Ni sawa. Msirudie haraka, tulizeni pedi mapajani mjibu maswali mawili. Ni nani aliyekuwa akitembea mikono mitupu? Na ni kitu gani mlikingojea? Karibu kila mara jibu la pili ni sahani. Wote wawili walikata vitunguu kwa sababu kukata ni kutamu, hakuna aliyeosha.

Raundi ya pili gawaneni kwa mahali, si kwa kazi. "Wewe upande wa kreti na ubao, mimi upande wa sinki na dirisha." Kilicho katikati kinapitishwa juu ya meza: mmoja anaweka, mwingine anachukua, hakuna anayevuka mpaka. Raundi ya tatu badilishaneni pande, hata kama ya pili ilienda vizuri. Aliyewahi kusimama kwenye sinki haulizi tena kwa nini sahani zimechelewa.

Anayejua zaidi ndiye aoshe vyombo. Nasema hivi kwa uzito. Kazi ya kuosha na kupeleka haina sifa, lakini ndiyo inayoona jiko lote, na mtu mwenye ujuzi akiwa pale anaweza kuita oda kwa utulivu: "Supu mbili, halafu moja ya nyanya." Mgeni anakata na kupika, anaona matunda ya mikono yake, nyota zinaingia. Ukijipa wewe kazi ya kupika na kumpa yeye sinki, umemwalika mtu aje akuoshee vyombo Jumamosi.

Mkono usinyooshwe

Kuna sentensi moja inayoua jioni: "Lete nikuvushie." Inasemwa kwa upendo, mkono tayari uko kwenye pedi ya mwenzako. Dada yangu alinipa pedi mara ya kwanza nilipomwambia hivyo. Mara ya pili akanipa tena. Mara ya tatu nilipovuka na kumrudishia, alikuwa kwenye simu yake, na usiku huo gemu iliisha hapo ingawa hakuna aliyetangaza.

Tangu siku hiyo nafuata sheria tatu. Sinyooshi mkono kabla ya kuombwa. Nikiombwa, nasogea hadi pale aliposhindwa tu na kurudisha, sifiki mbele. Na mtu akifa mara ya kwanza na ya pili kwenye sehemu ile ile, nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko gemu yenyewe, kwa sababu unaliona jibu linang'aa. Mara ya tatu namuuliza anaona nini, simwambii afanye nini. Mara nyingi anaposimulia ("kuna ile kitu inashuka, halafu nangoja, halafu… aah, ngoja") anajijibu.

Lawama nazo zina sarufi yake. "Umetuua" na "tumekufa" ni tukio lile lile. Chagueni la pili.

Kuacha

Pangeni kuanza saa nane mchana, si saa mbili usiku. Rafiki anayerudi Rongai au Githurai anahesabu nauli kichwani tangu wingu la kwanza lionekane, na mtu anayewaza matatu hachezi. Vipindi vya saa moja na nusu vinatosha. Kati yake mkasimama, mkachemsha chai, mkaongea mambo mengine. Mkishindwa sehemu moja mara tano mfululizo, hiyo nayo ni kengele ya chai. Ajabu ni kwamba ya sita, mkirudi, mara nyingi mnavuka.

Acheni mahali pazuri, mkiwa mmetoka tu kushinda kitu. Kumbukeni pia kwamba hifadhi ya gemu inakaa kwenye mashine na akaunti ya mwenyeji. Mkiendelea wiki ijayo kwa rafiki, mtaanza mwanzo, kwa hivyo gemu ndefu ichagulieni nyumba moja na nyingine fupi iwe ya nyumba ya pili. Andika mahali majina mliyovipa vitu. Baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka mwiko ulikuwa ni nini.

Na kabla hujamsindikiza mgeni hadi steji, chomeka pedi zote mbili. Ya pili ndiyo huwa tunaisahau.